Nyumba ya makazi ya watu wazima wenye usonji na ulemavu wa akili, Igombe: ubora tuupime kwa nini?

kikundi_igombe

Wakuu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wazazi na ndugu, Ilemela na Nyamagana, Mwanza, tunaotunza watu wazima wenye ulemavu wa akili. Baadhi wana usonji pia. Ni watu 12, umri kati ya miaka 19 na 41. Wazazi wengine wameshafika umri wa kutunzwa wenyewe, na swali la "nikifumba macho atabaki na nani" linaibuka kila kikao.

Tumepata nyumba ya vyumba saba Igombe, dakika tano kwa mguu hadi ziwani. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mkononi. Mpango ni wakazi wawili kila chumba, cha saba walale walezi wanne. Nusu ya kikundi wanapinga. Wanasema tutafute kituo kilichopo tuwe tunalipia, mradi tujue kukikagua.

Naomba wenye ujuzi watupe vipimo. Walezi wanne wanatosha? Wanne kati ya wakazi wana kifafa. Wawili wanameza haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, na hakuna anayekumbuka ilianzishwa lini wala kwa nini. Mmoja hukimbilia maji kila akipata upenyo. Na tukienda kukagua kwa watu, tuangalie nini zaidi ya deki na rangi ya ukuta? Msituandikie "muwe na upendo", huo tunao.

zamu_ya_usiku

Kabla ya kodi, saa. Karibu kila kikundi huanza na "walezi wanne" kwa sababu kinahesabu vichwa. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 45 za kawaida kwa wiki, siku ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Nafasi moja ambayo haitakiwi kubaki wazi usiku na mchana inakula watu karibu wanne. Ukiweka likizo, sikukuu na kuugua inafika wanne na nusu. Kwa hiyo walezi wenu wanne ni mlezi mmoja kwa watu 12, na bado kuna saa zitakazopwaya. Akimpeleka mmoja chooni, kumi na mmoja hawana mtu.

Sasa fanyeni wakazi sita. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku walezi wawili, usiku mmoja. Mchana ni saa 14 mara walezi 2 mara siku 7, yaani 196. Usiku ni saa 10 mara 7, yaani 70. Jumla 266 kwa wiki. Gawanya kwa 45 unapata 5.9, weka likizo na magonjwa, ajirini saba. Mpishi hayumo humo, wala yule anayekimbilia maji, ambaye saa za nje anahitaji mtu wake peke yake. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa saa, iandikeni kwenye bajeti mapema ili isije ikawa ugomvi.

Chumba cha saba kifuteni kichwani. Mlezi wa usiku halali, anakaa kwenye kiti koridoni ambako milango yote inasikika. Mkiwa na wenye kifafa hilo halina mjadala, kwa sababu kifafa cha usingizini hakina kelele kila mara. Wakati mwingine ni kitanda kugonga ukuta mara tatu nne na kisha kimya, na hicho kimya ndicho cha kukimbilia. Mzunguko uwe kila nusu saa, kila robo saa kwa aliyeanguka mchana huo. Tochi imulike sakafuni, usimmulike mtu usoni. Tazama kifua kinapanda, amelala ubavu au kifudifudi, shuka ni kavu au limelowa. Andika saa ileile. Daftari linaloonyesha 4:00, 4:30, 5:00, 5:30 bila dakika hata moja iliyopinda limejazwa alfajiri kwa mkupuo. Binadamu anayezunguka kweli huandika 4:07, 4:33, 5:10.

mhasibu_buswelu

Hesabu ya zamu ni sahihi ila inaishia njiani. Familia sita hazibebi mishahara saba, mpishi, kodi, maji na umeme. Naona zaidi ya nusu ya mipango hii ikifia hapo, na hufa kwa mpangilio uleule: mwezi wa tatu anaondolewa mlezi wa usiku, mwezi wa tano samaki anabaki wa Jumapili tu, mwezi wa saba mlezi mwenye uzoefu anaondoka na anaingizwa kijana ambaye hajafundishwa lolote. Mzazi akija Jumapili anakuta samaki mezani, anarudi kwao ametulia.

Kuna njia mbili za kufikiria. Ya kwanza ni nyumba mbili za watu sita zilizo jirani, kila moja na walezi wake wa kudumu, zikichangia mpishi, mhasibu, dereva na walezi wawili wa akiba. Ya pili, ambayo kwa maoni yangu inawafaa zaidi, ni sita wenye uhitaji mkubwa walale hapo, na wengine sita waje mchana tu, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, usiku warudi kwao. Wa mchana wanachangia gharama bila kuongeza hata saa moja ya usiku. Lakini ongezeni mlezi wa tatu kwa saa hizo za mchana, msije mkawarudisha wale wawili kwenye kubeba kumi na wawili.

Msilale hata usiku mmoja mle ndani kabla ya kuwa na mishahara ya miezi mitatu benki. Na ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu ni mkopo wa mradi, inarudishwa. Ikopeni kwa kuku au sabuni ambazo wakazi wenyewe wanashiriki kuzalisha na kuuza. Ukilipia mishahara kwa mkopo umejichimbia shimo.

Jambo dogo ambalo huvuruga nyumba nyingi: hela ya mfukoni ya mkazi. Kila mtu bahasha yake na ukurasa wake, kila matumizi yana risiti au saini mbili. Siku mlezi akisema "nilimnunulia soda", pawe na mstari unaosema hivyo.

nesi_kliniki

Nianze na hao wawili wa haloperidol. Msiikatishe nyumbani hata kama mnaona haina kazi. Wapelekeni kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Bugando au Sekou Toure, na maswali yaliyoandikwa: inatibu nini hasa, tutajuaje kama inasaidia, dalili gani turudi haraka, tarehe ya kuitathmini tena ni lini. Daktari akiamua kuipunguza, itapungua kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Ni dawa ya magonjwa makubwa ya akili, lakini huku na kwingineko imezoeleka kupewa mtu anayepiga kelele ili nyumba itulie. Uingereza ilibidi waanzishe kampeni mahususi mwaka 2016, STOMP, kuzuia watu wenye ulemavu wa akili na usonji kujazwa dawa hizi bila sababu.

Tazameni mwili: shingo au taya kukakamaa, mate kuchuruzika, hatua fupi za kuburuza. Kuna moja inayodanganya wengi, nayo ni miguu kukosa utulivu. Mtu anasimama, anakaa, anasimama, anatembea huku na huko, hawezi hata kumaliza chai. Walezi wanasema "utundu umezidi", dozi inapandishwa, na miguu inazidi. Kisha anaongezewa benzhexol ya kulegeza mwili, nayo inakausha mdomo na kufunga choo. Ukikuta mtu ana dawa tatu, uliza ipi inatibu ugonjwa na ipi inatibu dawa nyingine. Kwa anayetumia chlorpromazine, ngozi yake huungua jua upesi. Kwa jua la saa 7 pale ziwani, kofia pana na shati la mikono mirefu.

Dawa zetu nyingi hutoka dirishani kwenye vibahasha vya plastiki vilivyoandikwa kwa kalamu. Baada ya wiki tatu wino umefutika na vidonge vyeupe vya watu wanne vinafanana. Siku hiyohiyo dawa inapofika, kila mkazi awe na kopo lake lenye picha yake, ndani kibahasha, na karatasi yenye jina la dawa, miligramu, idadi ya vidonge, saa na tarehe ya kwenda kliniki. Mlezi anampa mtu mmoja, anaona amemeza, anasaini, ndipo anamwita wa pili. Kosa kubwa zaidi ni kupanga vidonge vya watu wote kwenye visahani kabla ya chakula. Mtu mmoja akihama kiti, mwingine amemeza phenobarbital, dawa ya kifafa, isiyo yake. Akikataa, andika "amekataa", usimfichie kwenye uji. Na msisage kidonge chenye ganda cha valproate, nayo ya kifafa, uliza kama ipo ya maji. Zikibaki za siku 14, mtu awe ameshakwenda kuchukua nyingine. Dawa ya kifafa ikikatika ghafla, hasa phenobarbital, kifafa huja mfululizo.

Kifafa chenyewe: kila mmoja karatasi moja ukutani kwa walezi. Huanzaje, hudumu dakika ngapi, baada yake hulala au hutangatanga. Anapoanguka, tazama saa kwanza, sogeza vitu, weka kitu laini chini ya kichwa, kikiisha mlaze ubavu. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kushika miguu, hakuna kunusishwa kitunguu. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajapata fahamu, ni gari. Kutoka Igombe hadi Bugando saa 8 usiku si mwendo wa kubahatisha, kwa hiyo dereva awe amekubaliwa na namba yake iwe ukutani kabla ya mtu wa kwanza kuhamia. Muulizeni daktari pia kama mtapewa diazepam ya kusimamisha kifafa, ya kuweka njia ya haja kubwa, na mfundishwe kuitumia.

Kuoga. Mwaka 2013 kijana wa miaka 18 mwenye usonji na kifafa alikufa maji kwenye beseni la kuogea, kwenye kituo cha Oxford, Uingereza, akiwa peke yake. Uchunguzi wa kifo chake mwaka 2015 ulisema uzembe ulichangia. Hivyo mwenye kifafa anaogea ndoo au bomba, amekaa kwenye stuli ya plastiki, komeo la ndani limeondolewa, mlezi yuko nje ya pazia anaongea naye. Ndoo nyembamba ya lita 10, siyo beseni kubwa. Maji ya baridi huingia kwanza, ya moto yafuate, yachanganywe na kupimwa kwa kiwiko kabla mtu hajaingia bafuni. Sufuria ya maji ya moto isikanyage kabisa bafuni.

Sasa choo, na naomba msicheke. Kufunga choo kunaua watu hawa, na hakuna anayeshuku kwa sababu mwenyewe hasemi. Ugali mara mbili kwa siku, maji kidogo, kukaa kutwa, benzhexol juu yake. Kila mkazi ana mstari kila siku: amepata, hajapata, ngumu kama vidonge vya mbuzi, laini, maji. Siku ya tatu bila choo ni ya kuchukua hatua: maji, papai, mboga, na kituo cha afya. Tumbo likivimba likawa gumu, au akitapika, msingoje. Na ujanja wake ni huu: majimaji yakitoka kidogo kidogo na kuchafua nguo, mnadhani ni kuhara, mnampa dawa ya kuzuia, kumbe yanapenya pembeni ya kinyesi kilichokwama.

mpishi_wa_sato

Naongezea mezani tu. Sato na mwiba wake asiwekwe mbele ya mtu anayemeza bila kutafuna. Tumieni mnofu wa sangara, uupapase kwa vidole ukiwa umeiva, kipande kwa kipande, chini ya taa. Dagaa wakavu wasagwe wawe unga, wapikwe kwenye mchuzi. Kwa anayepaliwa kirahisi, chakula kiwe laini na vipande visizidi sentimita 1.5, aliye dhaifu zaidi chake kipondwe mpaka milimita 4, kikiwa na mchuzi. Tonge la ugali mgumu na kipande cha chapati kavu ndivyo vinavyoongoza kukwama. Ugali uwe laini, tonge dogo, mchuzi mwingi, mlezi mmoja akae mezani akiwa ameketi, asisimame nyuma ya mtu akimlisha kwa haraka. Baada ya kula wakae wima nusu saa. Akikwama na hawezi kukohoa: mapigo matano mgongoni kati ya mabega, ikishindikana misukumo mitano ya tumbo, mnarudia hivyohivyo.

Kukohoa kila mlo, sauti kuwa ya majimaji baada ya kunywa, kuugua kifua mara kwa mara: huyo anahitaji kuonwa. Pimeni uzito kila tarehe 1. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 kwa mwezi, kuna kitu.

mkaguzi_kimya

Kwa wale wanaotaka kituo kilichopo. Msiende siku mliyoalikwa. Nendeni mara tatu bila taarifa: saa 1 asubuhi wakati wa kuoga, saa 9 alasiri, na Jumapili jioni. Ya saa 9 mimi naiamini kuliko zote. Chakula kimeisha, wageni hawatarajiwi, bosi ameenda mjini. Ukiwakuta wote kwenye benchi moja mbele ya runinga ambayo hakuna anayeitazama, umeshajua siku yao ilivyo.

Ingia bafuni uhesabu miswaki. Watu 10, miswaki 10, kila mmoja na jina. Kisha gusa nywele zake. Saa 2 asubuhi inatakiwa iwe na unyevu. Mswaki uliokauka na nywele zimenyooka kama ulivyotoka dukani ni pambo. Uliosambaa kama ufagio wa chelewa una mwaka. Halafu kabatini: nguo za ndani zina majina, au ni rundo moja linalogawiwa kwa ukubwa? Inua shuka unuse godoro na mto. Omba mtu avue kandambili utazame kucha za miguu. Za mikono hukatwa kwa ajili ya wageni.

Milango. Komeo upande wa nje wa chumba cha kulala ni sababu tosha ya kuondoka. Kamba au kanga iliyofungwa kwenye mguu wa kitanda, vivyo hivyo. Nyumba ya makazi siyo mahabusu wala wodi, haina mamlaka ya kumfunga mtu, na "ni kwa usalama wake" ni maneno utakayoyasikia kila mahali.

Omba daftari la siku saba zilizopita. Kalamu moja, mwandiko mmoja, "ameamka vizuri amekula vizuri amelala vizuri" kwa watu wote: halijaandikwa juu ya mtu yeyote. Daftari la matukio lisilo na tukio hata moja kwa miezi sita linatisha kuliko lenye mengi. Halafu mshike mlezi wa kawaida, siyo msimamizi, umuulize kuhusu mkazi mmoja: akiumwa hufanyaje? Jibu likiwa "huyu mkorofi", umepata jibu. Likiwa "akiumwa jino hushika sikio na hagusi chai yake", huyo mlezi anamjua mtu wake. Uliza pia wangapi wameacha kazi mwaka huu.

Kibali kitazameni kwa makini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaishia miaka 18, kwa hiyo kibali cha makao ya watoto hakimfuniki mtu wa miaka 30. Nendeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa manispaa, mwonyesheni, muulizeni kama kinataja watu wazima. Na nyinyi mkianzisha yenu, muonane naye kabla ya kulipa kodi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inaweka pia kamati hadi ngazi ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa awajue wakazi kwa sura.

Lakini msiegemee karatasi peke yake. England wana Care Quality Commission, chombo cha kukagua makazi haya, na ripoti zake ziko wazi kwa kila mtu. Pamoja na hayo, Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol, watu waliteswa humo hadi mwandishi wa BBC alipoingia kama mfanyakazi na kurekodi kwa siri mwaka 2011. Nesi mmoja alikuwa ameshatoa taarifa mapema, hakusikilizwa. Wafanyakazi 11 walikiri makosa, sita wakafungwa mwaka 2012. Ilikuwa na majengo mazuri na ada kubwa, na wagonjwa wengi walikuwa mbali na kwao. Baada ya hapo miongozo yao ikazidi kuelekea nyumba za watu sita au pungufu, ndani ya mtaa wa kawaida. Kwenye mkataba wenu kiwepo kifungu kimoja kisichojadiliwa: ndugu anaingia saa yoyote, mpaka chumbani kwa ndugu yake, bila kupiga simu.

Kuajiri: kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, cheti cha polisi cha tabia njema, na wadhamini wawili ambao mtawapigia wenyewe. Wiki nne za kwanza asiachwe peke yake na mkazi. Wanawake waogeshwe na wanawake. Mkishuku ubakaji, msimwogeshe wala kufua nguo. Hospitali siku hiyohiyo kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na taarifa iende Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mtuhumiwa aondoke zamu saa hiyohiyo, bila kusubiri kikao.

tiba_kazi

Wengi wameeleza mwili, mimi niseme juu ya anayekimbilia maji na wanaoitwa wakorofi.

Kabla ya kuitwa mkorofi, mtu akaguliwe. Ameanza ghafla kujipiga kichwa au kuuma mkono: sikio, jino, tumbo, homa, choo. Pimeni malaria. Hakuna kitu, ndipo mnafungua daftari la safu tatu: kabla yake nini kilitokea, alifanya nini, baada yake alipata nini. Andikeni kwa wiki mbili, saa kamili. Mara nyingi utakuta yote yanaangukia saa 5 hadi saa 6 mchana, wakati anasikia harufu ya chakula na hakuna anayemwambia kitakuja lini, au jioni jirani anapowasha muziki. Hapo tiba ni kusogeza mlo au kumpa kazi ya kuchambua mchicha kwa dakika hizo 40. Muda wa kusubiri bila kujua mwisho ndio unaowatesa wenye usonji kuliko sisi tunavyodhani.

Ubao wa "sasa – kisha" unatosha kuanzia: picha mbili tu. Picha ziwe za vitu vyenu halisi, kikombe kile cha bluu, ndoo ile, siyo michoro ya kwenye intaneti. Asiyeelewa picha, mpe kitu chenyewe mkononi: ukimpa sabuni anajua ni kuoga. Na lugha! Wengi wa kutoka Magu au Kwimba wamelelewa kwa Kisukuma, wa Ukerewe kwa Kikerewe. Mlezi anamwambia kwa Kiswahili "subiri kidogo tafadhali", haelewi, anaandikwa mbishi. Zamu moja kati ya mbili iwe na mtu anayejua lugha ya nyumbani, na mgeni akihamia andikeni maneno 20 anayoyaelewa.

Kuhusu ziwa: uzio na geti ni sawa, lakini geti peke yake linamfundisha kulenga geti. Mpeni maji kwa ratiba. Kila siku saa ileile, labda saa 10 jioni, anatoka na mlezi wake mmoja hadi ufukweni, anatazama, anarusha vijiwe, anarudi. Na iwe kwenye ubao wake tangu asubuhi ili ajue inakuja. Nyumbani awe na beseni la kuchezea maji lisilo na kina, mlezi akiwepo. Kuingia ziwani hapana, kwa mwenye kifafa kabisa, na kwa wote kuna kichocho. Kimejaa kwenye maji ya ukingoni. Aliyekwisha kuzoea kuoga ziwani apelekwe kupimwa na kupewa praziquantel kwa uzito wake. Wavuvi wa mwalo wa karibu wapewe namba ya nyumba na waonyeshwe mtu mwenyewe, maana wao ndio watakaomwona kwanza. Picha yake ya hivi karibuni na alama za mwili ziwe tayari kwenye bahasha ya dharura. Hiyo bahasha haiendi kwenye mitandao ya kuombea misaada.

kikundi_igombe

Tumeprinti huu uzi wote kwa kikao. Tumekubaliana sita walale, sita waje mchana. Mwenye nyumba ametupa hadi Ijumaa. Kwenye nyumba yenyewe tupime nini kabla ya kutoa hela?

zamu_ya_usiku

Nendeni na futi kamba. Milango ya bafu na angalau vyumba viwili iwe na upana wa sentimita 80 au zaidi. Hesabuni ngazi, mle Igombe nyumba nyingi zimepandishwa kwenye mawe, na mtu anayeburuza miguu ataanguka kwenye ngazi ya tatu. Tangi la maji: hesabuni lita 50 kwa mtu kwa siku na siku tatu za akiba, watu sita na walezi wao wawili ni lita 1,200. Wa mchana msiwasahau, ongezeni kidogo. Jiko la mkaa likae nje, halali ndani hata mvua ikinyesha.

Halafu madirisha. Yatakuwa na nondo zilizochomelewa pande zote, na mlango mmoja wa mbele wenye kufuli. Moto ukianzia sebuleni hakuna anayetoka. Mwambieni mwenye nyumba mnataka dirisha moja la kila chumba likatwe nondo na kuwekewa bawaba, na mlango wa pili wa nyuma unaofunguka kwa kitasa bila ufunguo, uani ndani ya uzio. Fundi wa kuchomelea anamaliza kwa siku mbili. Akikubali, jaribuni wenyewe saa 3 usiku, umeme mkiuzima kwenye mita: mmoja koridoni na tochi, mwingine apime kwa saa ya simu, watu sita watoke mpaka uani. Rudieni na yule anayelala sana baada ya dawa.